Uso wa Mama Bila Poda

Mjukuu wangu Mwanahawa,

Huku Kibiti hatujambo, na mpunga wa Mbuchi umeshavunwa. Unauliza kama uache chuo cha upigaji picha kwa kuwa wenzako wana taa kubwa za kupigia picha na wewe una dirisha tu. Usiache.

Mimi nilijifunza kazi hii enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani. Fundi aliyenifundisha alitaka nimpigie picha mbili za majaribio, ya mtu na ya bidhaa. Nikamchagua mama yangu na mkeka aliousuka.

Fundi akasema, "Mpake poda. Bila taa, uso mweusi hivyo hautoki."

"Mama yangu hapakwi poda," nikamjibu.

Nikamketisha karibu na mlango, mwanga ukimpiga ubavuni, na upande wa kiza nikatundika shuka jeupe limrudishie nuru. Mkeka nao nikaupiga picha hapohapo.

Filamu iliposafishwa, uso ulitoka wote, hadi mikunjo ya kucheka. Fundi alikataa kuiweka picha hiyo studioni kwake, akisema wateja wanapenda nyuso zenye poda. Nikaitundika nje ya nyumba yetu. Wiki hiyohiyo mama mmoja wa Ruaruke aliitazama sana, kisha akaniambia, "Nipige na mimi, hivi nilivyo."

Anayekuombea kila swala,
Bibi yako Zainabu