Mahadhi wa Pili wa Shule Kongwe

Mambrui,
kwa Posta ya Malindi.
9 Agosti 1987

Mpendwa Bibi yangu, Mwanasiti binti Jaafar,

Shikamoo, Bibi. Goti lako linaendeleaje? Baba alipopata salamu zako kutoka Unguja alituambia kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, tukafurahi sana. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakohoa kidogo kwa ajili ya baridi ya mwezi uliopita, lakini kikohozi hakimzuii kunifokea nikisahau kuanua nguo.

Mimi niko darasa la nane na mtihani wetu ni Novemba. Najitahidi. Kiingereza kinanisumbua, hesabu hazinisumbui.

Bibi, nina habari ya lile jengo la shule mliyosoma wewe na marehemu Babu Mahadhi, kaka yako. Shule mpya ilipojengwa kando ya barabara, jengo la zamani lilifanywa ghala la mbata, halafu likaachwa, popo wakahamia. Mwaka jana watu wa mji waliamua liwe makumbusho yetu wenyewe. Hatukumngoja mtu. Vijana waliezua mabati yaliyooza, akina mama wakabeba maji na chokaa, watu wa Sabaki wakaleta boriti. Sasa kuta ni nyeupe hata zinaumiza macho adhuhuri. Ndani mna madawati matatu ya zamani, vibao vya kuandikia, kengele iliyopasuka, na ramani ya dunia ambayo mchwa wamelila Bara Hindi lote. Ungeliona, Bibi! Kila nikipita najisikia kama ni nyumba yangu.

Darasa letu lilipewa kazi ya kusaidia. Mwalimu wetu wa historia, Bwana Njoroge, ambaye ni mtu wa Nyeri, alifungua sanduku la bati akatoa rejista iliyoanzishwa mwaka 1934. Nikaambiwa ninakili majina thelathini na moja ya wanafunzi wa kwanza, yapate kuandikwa ukutani. Namba kumi na mbili ni Mahadhi Jaafar. Namba kumi na tatu pia ni Mahadhi Jaafar.

"Hii jina imerudiwa," Mwalimu akasema. "Karani alisinzia. Kata moja."

Sikukata. Nilikumbuka ile likizo uliyokuja kwetu, uliponisuka nywele ukaniambia kwamba wewe ulisoma, ila jina lako halikusoma. Nilikuwa mdogo, sikuelewa.

Basi nikaifuata rejista ukurasa kwa ukurasa. Mwaka 1935 Mahadhi wa kwanza hakuonekana wiki mbili, pameandikwa "surua". Wa pili alikuwepo kila siku. Katika hesabu wa kwanza alipata kumi na nne kwa hamsini (Mungu amrehemu Babu), na wa pili arobaini na saba. Kisha Machi 1938 alama za wa pili zinakoma ghafla. Nilimwuliza Baba ulikuwa na umri gani ulipowekwa ndani kama mwari, akasema aliambiwa na Babu kuwa ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikajumlisha na mwaka uliozaliwa, 1925, nikapata 1938: Mahadhi wa pili alikuwa wewe.

Jumamosi iliyopita kamati ya makumbusho ilikutana mle mle shuleni, nami nikaruhusiwa kusema. Nilieleza kwamba, kwa nilivyoelewa mimi, baba yako hakutaka jina la bintiye liitwe kila asubuhi mbele ya wanaume, ndipo akaliandikisha la kaka mara mbili. Nikaketi. Nikadhani nimekosa adabu. Kumbe Mzee Karisa wa Sabaki, ambaye naye ni mmoja wa wale thelathini na mmoja, alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Mahadhi wa Pili!" akasema. "Alikaa nyuma ya pazia, chumbani kwa mke wa mwalimu. Akiitwa, anagonga mlango: ngo, ngo. Kibao kikipitishwa chini ya pazia, hesabu zote sawa. Mimi nimechapwa miaka minne kwa sababu ya mtoto nisiyewahi kumwona uso!"

"Na viboko vyote hivyo havikukufaa kitu," mkewe, Mama Kadii, akamwambia, na mkutano mzima ukaangua kicheko.

Ami Zein, mwenyekiti, hakucheka. "Marehemu Jaafar alilisitiri jina la bintiye," akasema. "Leo sisi tulitundike ukutani, kila mpita njia alisome? Mwenyewe ameulizwa?"

Kwanza nilikasirika. Lakini nimelala na maneno yake wiki nzima, na naona alisema kweli. Hukuulizwa walipokuandika, hukuulizwa walipokutoa, na mimi pia nilitaka kukuandika bila kukuuliza. Nisamehe. Kamati imeamua hivi: bila idhini yako mwenyewe, Mahadhi ataandikwa mara moja tu na namba kumi na tatu itafutwa. Fundi wa rangi anaanza kazi tarehe ishirini Septemba.

Mimi sitaki ufutwe, Bibi. Darasani mwetu wasichana tuko tisa kati ya thelathini na wanane. Mwalimu Njoroge alipolieleza darasa ni nani aliyeongoza kwa hesabu miaka minne mfululizo, wavulana waliinamisha vichwa na sisi tisa tukakaa wima. Ningependa na watakaokuja nyuma yetu wakae hivyo.

Baba, Mama na wadogo zangu wote wanakusalimu. Ami Zein anakusalimu kwa heshima, na Mzee Karisa anasema amekusamehe viboko vyake. Nisalimie Shangazi Rukiya na watoto wake. Mungu akuzidishie afya, na akulindie macho yako uzidi kusoma.

Ndani ya bahasha nimekutilia kadi nyeupe niliyoipiga mistari kwa rula. Ukiona heri jina libaki limesitirika, irudishe tupu. Nitaipokea bila kinyongo. Ukikubali, huna haja ya kueleza lolote: andika jina lako kamili kwenye mstari, nirudishie. Fundi ameahidi kuunakili mwandiko wako ukutani vile vile ulivyo. Wale wengine thelathini waliandikwa na karani. Wewe utakuwa umejiandika mwenyewe.

Mjukuu wako akupendaye, na anayejivunia kuwa wa kwako,

Zuleikha