Mstari wa Mzee Gakuru

Mama mpendwa,

Hapa Othaya watu bado wanakusifu. Wanasema ulikuwa mama mnyenyekevu. Nikiwasikia nasaga meno.

Unakumbuka asubuhi ile ya mkutano wa wakulima wa kahawa? Ulinipigia pasi nguo, ukanisuka, ukanifunza kuongea. Nilikuwa karani wa kupima kahawa kiwandani tangu nitoke shule, na nilitaka kiti cha mwenyekiti, kiti ambacho mwanamke hakuwa amewahi kukikalia. "Wewe mami," uliniambia, "usianze na maneno mingi. Sema kwanza hauna mengi ya kusema. Watu hawapendi mwanamke ako na mdomo." Nikakuamini. Kwani nani mwingine alinifunza kuongea?

Basi nikasimama, nikasalimia, nikamshukuru Mungu, nikasema, "Mimi sina mengi ya kusema." Nilikuwa nayo tele! Mizani ilikuwa inawapunja wakulima, mashine ya kumenya ilikuwa inavunja mbegu. Mzee Gakuru, mwenyekiti na mpinzani wangu, hakuniacha hata nivute pumzi. "Si mmesikia wenyewe? Mama hana mengi. Asante, keti." Watu walicheka mpaka wengine wakapangusa machozi. Kisha yeye akashika kipaza sauti akaongea mpaka jua likageuka.

Hayo ningekusamehe, maana wasichana wengi huku hufunzwa kujishusha kabla ya kufungua kinywa. Lakini kura yetu ni ya mstari, kila mtu husimama peupe nyuma ya mtu wake. Niligeuka kutazama waliokuwa nyuma yangu. Nilimwona shangazi, nikawaona majirani, wewe sikukuona. Ulikuwa kwenye mstari wa Gakuru, umekumbatia mkoba wako, unatazama viatu.

Jioni nilikuuliza kwa nini. Hukuacha hata kukata mboga za sukuma wiki. "Ati nikuchague ukalie wanaume, halafu bwana yako akufukuze? Mimi nilikuwa nakusaidia." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi kilinizaa.

Ulipolazwa nilikuja. Nilikulisha uji, nikakufulia. Ulinishika vidole ukasema viko baridi. Nilikaa pale nikingoja uniombe msamaha, na wewe ukaniuliza kama ng'ombe amekamuliwa. Ulikufa wiki hiyo.

Mwezi uliopita tulichagua tena. Safari hii nilianza na mizani moja kwa moja. Nilimwomba kila mama aliyewahi kupima kahawa nyumbani, akaipeleka kiwandani ikawa nyepesi, ainue mkono. Mikono ikainuka. Sauti yangu ilifika nyuma kabisa. Gakuru alipotaka kipaza sauti nilimwambia, "Mzee, sijamaliza. Ngoja zamu yako." Watu wakacheka, na aliyechekwa hakuwa mimi.

Mistari ilihesabiwa mara mbili. Nilimshinda kwa mtu mmoja.

Wanaokuja kunipongeza wanasema, "Mama yako angefurahi sana." Nawapa chai. Najua ungesimama wapi. Ungekuwa hai tungelingana, Gakuru angedai uchaguzi urudiwe, na ungenipikia chakula cha jioni kama kawaida.

Nakulilia, mama, mpaka leo. Lakini waliponitangaza, kabla hata sijamshukuru Mungu, nilifurahi kwamba umekufa.

Lala salama.

Binti yako,
Mwenyekiti