Imondo ni ya Mwenye Nyumba

Mama na dada Navalayo,

Nakimbia sokoni Malava kutafuta njugu na mayai. Supu ya Baba iliyobaki iko jikoni, imefunikwa. Ipasheni moto, isichemke. Na kabla hamjaniuliza: mimi ni msichana mwaminifu kuliko wote Kakamega. Imondo, firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba, na sijaionja hata tone.

Ndiyo, nimemchinja jogoo. Nuneni tu! Daktari alisema nini? Uvimbe wa koo la Baba utachomwa kwa mionzi, lakini mgonjwa aliyekonda hana nguvu ya kumaliza matibabu. Nyinyi mnasema, "Mwacheni, hana hamu." Hamu anayo! Jumapili mlimpa Baba Mdogo imondo mbele yake, eti mgonjwa hawezi kutafuna. Tangu hapo amefunga mdomo. Mwanamume akinyimwa imondo nyumbani kwake, si ni kama mmeshamzika?

Basi asubuhi nimeichemsha, nikaisaga kwenye jiwe mpaka ikalainika kama uji, nikaikoroga ndani ya supu. Nikampelekea: "Mwenye nyumba, imondo yako hii." Amemaliza bakuli zima, polepole, jasho likimtoka.

Jioni mpeni tena. Baba Mdogo akija, mkaribisheni vizuri. Hapana, nakata hiyo. Akija apewe shingo.

Ngojeni. Baba amesimama nyuma yangu, anasoma. Ananiuliza kwa ile sauti yake ya kukwaruza: "Na chumvi, ulijuaje imetosha?"

Ni mimi kitinda mimba wenu, mwaminifu, ila kijiko kimoja tu cha kuonja.