Sheba Analala Kwangu

Jumapili, 2 Julai 2023

Sikwenda misa. Ukungu umeshuka kutoka msitu wa hifadhi mpaka mlango wa choo hauonekani. Na goti linauma. Nimesali hapa hapa. Samweli wa Pili, sura moja nzima, kwa kidole. Nilianza maziwa yakiwa ya moto, nilipomaliza yalikuwa yamepoa, yana utando juu. Si haba. Hapa Mbulumbulu kuna watu wa kidato cha nne, Biblia yao iko juu ya kabati inakula vumbi. Mimi ni wa darasa la ngumbaru tu. Lakini nasoma kila siku nikishakamua. Nani mwingine?

Nasoma kwa sauti. Sheba anasikiliza. Analala ndani humu humu, upande wa pili wa mbao, kama ng'ombe wa wazee wetu walivyolala. Marehemu mke wangu Angela ndiye aliyempa jina, alisema ana macho ya malkia. Zamani Angela alisoma, mimi niliota moto nikasikiliza. Sasa msomaji ni mimi na msikilizaji ni ng'ombe.

Binti yangu Goodness amepiga simu. Anatandika vitanda kwenye loji huko Karatu. Kila Jumapili wimbo ni ule ule: baba, hamia mjini, nimepanga vyumba viwili. Nikamuuliza Sheba atalala chumba gani. Akasema baba, wewe ni mbishi. Nikasema ndiyo.

Kisha simu ikakata.

Naomba hekima. Sulemani aliomba hiyo hiyo akapewa. Mimi siombi kubwa ya kuamulia watu. Ya kutosha nyumba hii tu.

Jumanne, 4 Julai

Xavery ameanguka.

Simon, mtoto wake, dereva wa watalii, alisimama hapa nje asubuhi na gari la kazi. Hakuzima hata injini. "Mzee Hhando, baba amepata kiharusi." Upande wa kulia umekufa, mdomo umepinda, kusema hawezi. Yuko hospitali Karatu. Akaondoka, ana wageni wa kushusha kreta kuona wanyama.

Xavery tulichunga pamoja tukiwa hatujaota ndevu. Yeye alikuwa mwoga wa nyati, mimi ndiye nilikuwa natangulia msituni. Kila mtu anajua. Yeye mwenyewe anabisha, anasema aliyepanda mti siku ile ni mimi. Abishe sasa.

Hapana. Nimeandika vibaya. Ningependa abishe.

Nimefungua Samweli, herufi zinacheza. Nimefunga.

Jumatano, 5 Julai

Naandika jambo ambalo nje sisemi. Sheba ni wa Xavery.

Kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote boma moja. Jicho la watu! Mmoja anampeleka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, mbali kabisa. Anayetunza anakunywa maziwa, anachukua samadi. Ng'ombe na ndama wote wanabaki wa mwenyewe. Na mdomo unafungwa. Hata watoto wa mwenye ng'ombe hawaambiwi, mpaka yeye awaite siku yake aseme: wangu wako kwa fulani na fulani.

Xavery alimleta akiwa ndama, siku ya mnada, njia nzima haina watu. Tukapeana mikono. Shahidi alikuwa Angela. Sasa Angela yuko kaburini na Xavery hana ulimi, na hakuwahi kuwaita watoto. Mwenye mdomo nimebaki mimi.

Sheba amezaa. Mitamba wake wawili wako zizi la nje. Watu wakipita wanasema ng'ombe wa Hhando wanang'aa. Wanang'aa kweli. Ndigana, ile homa ya kupe, ilipopita hapa, wa wenzangu walikufa. Wangu walipona kwa sababu nilikesha nao.

Nimeandika wangu. Acha ikae.

Jumamosi, 8 Julai

Wamemrudisha Xavery nyumbani. Sofia, binti yake mkubwa, amekuja hapa na Simon. Niliwapa maziwa. Simon alimaliza kikombe akaongeza.

Sofia anasema daktari anataka baba yao apelekwe Karatu kila wiki kunyooshwa mkono na mguu, na dawa zisikatike. Labda hata ulimi utarudi. Mama yao alishatangulia, kila kitu kiko juu yake. "Baba," ananiambia, "nyumbani tumekuta ng'ombe mmoja tu, kikongwe. Tunajua baba aliweka wengine kwa watu. Wewe ndiye rafiki yake. Hakukudokeza?"

Nikasema Xavery hakuwa mtu wa kuropoka.

Simon akacheka. "Mzee, hilo siyo jibu."

Nikamwambia ndivyo wazee wanavyojibu, wewe umezoea kujibu Wazungu.

Akanieleza basi. Kuna mtu wa Arusha anataka shamba lao la chini, lile la maharage, ajenge kambi ya wageni. "Tungepata hata ng'ombe watatu tusingegusa ardhi." Sofia akawa anaangalia chini. Shamba lile ndilo linalolisha nyumba. Wakishaliuza hawana pa kupanda ila mlangoni.

Wakati wa kutoka Simon alimpapasa Sheba shingoni. "Huyu anakaa ndani kama mama mkwe." Akacheka kidogo. Ana meno ya baba yake.

Sikusema uongo. Nimepindua kila upande. Xavery kweli hakuwa mtu wa kuropoka. Na mdomo niliufunga kwa kupeana naye mkono. Nikiufungua bila ruhusa yake, mimi ni mtu gani?

Sheba amenilamba kiwiko wakati nakamua. Ulimi kama msasa.

Jumapili, 9 Julai

Leo nimemwacha Samweli, nimerudi Mwanzo. Nilikuwa natafuta wachungaji. Nimemkuta Yakobo kwa mjomba wake Labani. Huyu mtu namwelewa! Anasema jua lilimchoma mchana, usiku baridi, usingizi ukamkimbia, na mnyama aliyeraruliwa ilikuwa hasara yake yeye, siyo ya tajiri. Nimesoma mara mbili. Kama ni mimi nasema. Mtamba mdogo nani alimtoa kwenye mdomo wa fisi? Xavery? Xavery alikuwa amelala kwake.

Na Yakobo aliondoka na mifugo mingi.

Nilifurahi hadi nikapika ugali mkubwa. Nikakumbuka niko peke yangu. Mwingine nimempa mbwa wa jirani.

Baadaye nimesoma tena. Yakobo na Labani walipatana mshahara kwanza. Mimi na Xavery tulipatana maziwa na samadi. Maziwa nimekunywa. Samadi iko shambani, mahindi yangu yamenizidi urefu.

Alhamisi, 13 Julai

Jumuiya imesali kwa Xavery, kwa ajili ya mgonjwa. Nilivaa koti la harusi ya Goodness. Xavery amewekewa godoro karibu na dirisha. Amekonda. Jicho moja linatoa machozi lenyewe. Aliniangalia tangu naingia. Nikakaa nyuma ya mlango.

Katekista Raphaeli akafungua Samweli wa Pili, hadithi ambayo nabii Nathani alimpa mfalme Daudi. Mimi nilishaisoma, wenzangu ndiyo wanasikia leo. Tajiri ana makundi. Maskini ana kondoo jike mmoja tu, anakula kwenye sahani yake, analala kifuani pake kama binti. Tajiri anampora.

Raphaeli akauliza nani ana neno. Nikasimama. Mimi sisubiri kusukumwa. Nikawaambia maskini yule namjua, mimi nalala nyumba moja na ng'ombe, mnyama akishakula kwako na kulala kwako amekuwa damu yako, na anayekuja kumtoa huyo ndiye tajiri wa Nathani. Nilisema vizuri. Mama mmoja akasema amina. Raphaeli akasema mzee wetu anaisoma hasa.

Sofia alikuwa anamfuta baba yake mate. Hakugeuka hata. Akasema pole pole, "Lakini baba, yule maskini kondoo wake alimnunua mwenyewe. Imeandikwa."

Hakuwa na maana yoyote. Najua hakuwa na maana yoyote. Raphaeli akaangalia, akasema kweli, ipo, alimnunua.

Nikakaa. Wakaimba.

Chai sikunywa. Nilisema goti.

Ijumaa, 14 Julai

Sikusoma. Nimekamua tu.

Nathani alimgeukia Daudi akamwambia tajiri huyo ni wewe. Sehemu hiyo niliijua. Nilikuwa naipita haraka.

Jumapili, 16 Julai

Nimeamua kumwuliza mwenyewe. Hiyo ndiyo hekima. Hakuna wa kunifungua mdomo ila yeye aliyeufunga.

Nimemkuta peke yake, Sofia amekwenda kisimani. Nikavuta kigoda. Nikasema Xavery, ni mimi. Akaangalia. Nikasema wanauza shamba la chini. Wale wako kwangu wazima, watatu. Nitaje au ninyamaze? Ukitaka nitaje, funga macho.

Akafunga macho.

Nikangoja. Hakufungua. Akaanza kukoroma.

Sasa hilo ni jibu au ni usingizi? Nikamtikisa bega lile zima. Akafungua, nikauliza tena. Aliniangalia tu, lile jicho likitoa maji. Sofia akaingia na ndoo kichwani. "Baba, mnaongea nini?" Nikasema tunakumbushana nyati. Akasema ahsante kwa kuja, wengine wameshaanza kuacha kuja. Mimi naongea na ukuta, anasema. Akanifungia maharage kwenye kitambaa, ya shamba lile.

Nimefika nyumbani nimeyaweka mezani. Siwezi kuyapika.

Usingizi haunipi ruhusa. Mtu amelala, amelala. Simhesabii.

Jumanne, 18 Julai

Nimempeleka Sheba.

Nilifikiri hivi: maneno hawezi, lakini ng'ombe wake atamwona. Akimwona tutajua. Asubuhi nilimsugua mpaka akang'aa, nikamfunga kamba, tukashuka naye. Watu njiani: Hhando, mnada ni leo? Nikasema ng'ombe wangu anakwenda kumpa pole mgonjwa, ninyi mmekwenda? Tukapita.

Nikamsimamisha kwenye dirisha la Xavery. Sheba akaingiza kichwa ndani kama amezaliwa pale. Xavery alitoa sauti. Siyo neno. Kama mlango mzito unavutwa. Sofia akatupa sufuria akakimbia, Simon naye akatoka, leo hana wageni. Mkono wa kushoto ulikuwa umenyanyuka, ule mzima, ukashika kamba. Akaivuta mpaka pua ya Sheba ikawa kwenye blanketi. Akawa analia na macho yote mawili.

Simon akaniangalia. "Mzee, huyu ng'ombe anamjua baba?"

Hapo ndipo palikuwa mahali. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Ng'ombe wangu anajua watu."

Wangu. Nilisema mbele yake. Xavery alisikia. Masikio hayakupatwa na kiharusi.

Tulipotaka kuondoka, kamba hakuachia. Simon alijaribu kufungua vidole, vidole vimekuwa kama kucha za mwewe. Sofia akasema, "Mwacheni. Baba, mwache ng'ombe alale hapa leo, ona anavyofurahi. Kesho nitakuletea mwenyewe." Nikasema sawa. Ningesema nini?

Simon akanisindikiza mpaka kwenye miti ya grivelia. Yule mtu wa Arusha anakuja kesho mchana na mwenyekiti wa kijiji, anasema, watawekeana sahihi. "Nikae kama shahidi, mzee? Au wewe ukae, baba angependa iwe wewe." Nikasema nitaangalia goti.

Nimerudi na mikono mitupu. Jioni nilifungua Biblia nikasoma mstari mmoja kwa sauti, nikanyamaza nisikie pumzi upande wa pili wa mbao. Hakuna.

Jumatano, 19 Julai

Leo hakuna wa kukamua ndani. Nimekaa na Biblia tangu kumepambazuka, sikuifungua. Nimejua nitakachokuta.

Nasikia kwato.

Ni Sofia. Nimemwona dirishani, amevaa koti la Simon, Sheba yuko mbele hana hata kamba, njia anaijua. Naandika haraka.

"Hodi, baba."

Nimesema subiri, namalizia mstari. Anasema pole kwa kukuchelewesha, vidole vimeachia alfajiri tu, alipolala. Anasema nimemkamua, maziwa yako haya kwenye kidumu, hatujagusa. Maziwa yangu. Anasema siwezi kukaa, baba, yule mtu ameshafika Karatu, anapanda huku.

Sheba ameshaingiza kichwa mlangoni. Ameniona.

Sofia anauliza amfunge wapi.

Nimemwambia asimfunge. Anauliza kwa nini. Naweka kalamu, nimwambie ng'ombe huyu ni wa nani.