Vijiti Vyako vya Mvua Havijamaliza Kusema

Mama Desi, mwenzangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekaa kwenye benchi la steshenari hapa mjini Katandala, umeme umekatika, kompyuta imezima, na roho yangu iko juu juu kama kuku aliyeona mwewe. Nikisema nisubiri kimya, unanijua, nitapasuka. Ndiyo nimeomba karatasi nikuandikie. Mwandiko wangu unaujua, hujawahi kunicheka. Ah, muongo mimi, ulinicheka sana.

Kaburi lako tumelijengea, msalaba umesimama vizuri. Desi karudi Mbeya kazini. Upepo wa Mpui umeng'oa bati la jiko lako, nimelipigilia mwenyewe, limekaa upande lakini limekaa. Mama Kizito kagombana na katekista. Sababu ni ndefu, na wewe huko uliko ni mahali pa utulivu, basi niiache.

Sasa sikia kilichonileta mjini. Wale wa mradi waliokupa lile kopo la kupimia mvua, wakakufundisha kutuma vipimo na maneno yako kwenye mtandao, mradi wao umeisha. Ukurasa wako wanaufunga kesho. Kila kitu kinafutika! Desi kanipigia, sauti imemkauka: "Mamdogo, nenda mjini ukazihifadhi zile grafu za mama, mimi huku sina ruhusa ya kutoka, na kichwa hakifanyi kazi." Mimi! Wa darasa la nne! Nikamjibu sawa mwanangu, kama vile kaniambia nikachume mboga. Nilipokata simu nikautafuta ukurasa wako hapo hapo.

Kwenye simu yangu nilishindwa. Vile vijiti vyako vya bluu, kila mvua na kijiti chake, vimebanana mno. Kidole changu kinafunika vitatu kwa mpigo. Basi nikapanda gari nikaja kwa Kastori, huyu mwenye steshenari, mtu mzima mwenye mvi zake, hana haraka na mtu. Akaufungua ukurasa, akabonyeza pale pembeni penye vistari vya kushushia picha, mara picha hiyo, vijiti vyote vimesimama safi. "Imeshuka, mama," ananiambia. Nikapiga kigelegele humo humo dukani, mteja mmoja akadondosha kitambulisho chake. Akaniwekea kwenye simu, nikairusha kwenye kundi letu la akina mama la WhatsApp. Nikajiona profesa.

Haikupita muda Mama Kizito akajibu: "Mbona nabonyeza kijiti hakifunguki?"

Nikabonyeza na mimi. Kimya. Nikabonyeza kingine. Kimya. Nikamgeukia Kastori, naye kaniangalia kwa huruma: "Mama, hii ni picha. Picha ukiibonyeza haisemi kitu." Nikamwambia basi tumeharibikiwa. Maana kule mtandaoni, ukigusa kijiti kinafungua kiboksi chenye maneno yako, na ndiyo tunayoyataka. Kijiti peke yake kinasema mvua ilikuwa nyingi au kidogo, basi. Hakijui kama ililea mbegu au iliibeba. Wewe ndiye uliyeandika: "Mvua ndefu lakini ya uongo, aliyepanda ulezi leo atarudia." Tukasubiri, na waume zetu wakatununia, na tukavuna. Msimu huu tunasubiri nini bila maneno yako?

Na umbea wangu umo! Kila asubuhi nakuja na kikombe changu cha chai, wewe unasoma kopo, mimi nasema, wewe unaandika vyote. "Mvua ya mawe. Maharage ya Mama Kizito yamelala chini, Jirani anasema kasingizia mbuzi." Jirani ndiyo mimi. Watu wa mradi walikuwa wanasoma haya, mwenzangu? Walituonaje?

Kastori akafikiri, akasema kuna njia: weka kipanya juu ya kijiti, kiboksi kifunguke, usitikisike, kisha kwa mkono mwingine bonyeza kitufe hiki, kompyuta inapiga picha kioo chote pamoja na maneno. Akanionyesha mara mbili, akaenda kuhudumia wateja. Basi nimeshinda hivyo tangu asubuhi. Mkono wa jembe huu, umeshika kadude kanakoteleza kama samaki. Nikibana pumzi kiboksi kinakaa. Nikicheka kinapotea. Na ulivyoandika wewe, nani ajizuie kucheka? Kile cha jogoo wa paroko nimekirudia mpaka mbavu zikaniuma.

Vyote nimevipata, Kastori kaviweka kwenye flashi, anasema hata umeme ukikatika havifi. Vyote isipokuwa kimoja. Kile cha mwisho, kifupi, cha asubuhi ile kabla hujapelekwa hospitali. Sikuwepo kwenye kopo siku hiyo, nilikuwa kilioni kijiji cha pili. Nimekiruka. Nikarudi, nikakiruka tena. Nikajidanganya nakiacha cha mwisho kwa utaratibu, ndipo umeme ukakatika, na nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Sasa naogopa. Umeme usiporudi leo, kesho hakipo. Ukirudi, nakifungua. Maana mpaka sasa bado una neno hujaniambia. Nikishalisoma, Mama Desi, umemaliza kusema na mimi. Nitaongea na nani mimi, na mdomo huu wote?

Eh! Taa imewaka. Kastori ananiita: "Mama, wahi, umeme huu usije ukaondoka tena!"

Naenda. Miguu haitaki lakini naenda. Pumzika, mwenzangu, ardhi ya Mpui ikulalie nyepesi. Mvua zikianza kopo lako nitalisoma mimi, nimeshaliosha, na nitaandika hata kama ni kwa herufi zangu hizi mbovu. Hicho kijiti nakwenda kukifungua sasa hivi. Na chochote ulichokiandika humo, nakuahidi, kwanza nitabonyeza kitufe, halafu ndiyo nitalia.

Jirani