Hedifoni Zenye Jina la Gwenda

Lincolnshire, Jumapili

Binti yangu Gwenda,

Natumaini huko Nyuzilandi mu wazima. Hapa mvua imepungua, na kunguru wamejenga tena kiota ndani ya bomba la nyuma la ndege yetu kuukuu ya kivita. Nimekiondoa.

Kamati ya makumbusho yetu ya ndege iliamua kwamba ndege isiyowashwa kabla ya maonyesho ya kiangazi itang'olewa injini na kusimamishwa langoni kama sanamu. Nawe unaijua sheria yetu: mmoja huketi ndani, mwingine husimama nje na hedifoni za waya za kuzungumza na wa ndani, akiangalia moto usizuke. Tangu ulipohama, sikumruhusu mtu yeyote kuzivaa.

Jana Bi. Beryl wa kibanda cha chai alinifuata bandani.

"Mzee Thackray, utaing'ang'ania mpaka iote kutu? Hebu nipe hizo hedifoni!"

"Zina jina la mwenyewe."

"Mwenyewe yuko ng'ambo. Mimi niko hapa, na masikio ninayo mawili."

Nilimpa, nikapanda kwenye kiti cha rubani. Injini zote mbili ziliwaka, Gwenda. Ardhi ilitetemeka, na watu waliokuwa nje ya uzio wakapiga makofi. Ndege yetu haitakuwa sanamu mwaka huu. Nami, kwa mazoea, nikauliza kama nilivyokuuliza wewe miaka yote: "Gwenda, nje salama?"

 Beryl akajibu kwenye waya, kwa upole nisiouzoea kwake:

"Nje salama, Baba."

Sikumsahihisha.

Mimi baba yako,
Edgar Thackray