Mihula Miwili ya Kuimba

Jumanne, 12 Agosti 2014

Siku ya kwanza ya mwaka wa mwisho, na nimeshaharibikiwa kabla ya chakula cha mchana.

Bi. Hilty, mshauri wa wanafunzi, aliniita ofisini. Nikaenda nimevimba kichwa, nikidhani ni pongezi. Tangu darasa la tisa nimejipangia masomo mwenyewe, sikumwuliza mtu, maana mimi najijua. Hisabati ya juu, kemia, fizikia, Kihispania miaka mitatu. Kila kinachotakiwa kwa diploma ya heshima ya juu.

Akavua miwani. Akauliza, sanaa iko wapi? Inatakiwa mihula miwili.

Nikamwambia, si ile ya kuchomelea vyuma? Nilitengeneza jogoo wa bati, mrefu kumzidi Bi. Hilty mwenyewe. Alipata utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza kwenye maonyesho ya kaunti, kitengo cha sanaa! Picha yetu ilitoka gazetini, mimi na jogoo.

Akasema kwa upole kwamba maonyesho ni maonyesho na shule ni shule. Kwa hesabu za jimbo la Indiana kuchomelea ni kilimo. Kwa hiyo jogoo wangu ni kilimo.

Na nisipopata hiyo mihula miwili? Nitapewa diploma ya kawaida, akasema, wala si aibu. Si aibu kwake. Kozi ya kuandaa madaktari wa mifugo ninayoitaka mimi haimpokei mtu bila diploma ya heshima. Tangu nina miaka tisa nimeshamwambia kila mwenye nguruwe katika kaunti hii kwamba nitarudi kumtibia.

Uchoraji umejaa. Ufinyanzi umejaa. Kilichobaki ni kwaya.

Kwaya. Mimi. Binti Stuckey.

Jumatano, 13 Agosti

Nimewaambia nyumbani wakati wa chakula. Mama aliweka uma chini, akaangalia dirishani muda mrefu kama mtu anayesubiri mvua. Baba alifurahi mpaka akasimama. "Damu hiyo! Nilijua tu itatoka siku moja."

Watu wa mji huu ni Waswisi wa tangu mababu, na kila mtu huimba. Kanisani hakuna kinanda. Mchungaji anataja namba ya wimbo, na watu mia mbili wanaingia kwa sauti nne kana kwamba wamelala na kuamka pamoja. Watoto wanajua alto kabla ya kufunga kamba za viatu. Wote, isipokuwa ukoo wetu. Baba ana noti moja. Anaianza na wimbo, anaimaliza na wimbo, na katikati haendi popote, kama trekta iliyonasa gia ya kwanza. Na kwa nguvu! Benchi lililo mbele yetu hukaliwa na Mzee Liechty peke yake, na yeye akifika tu huzima kile kifaa chake cha sikioni.

Mama anaimba vizuri sana. Ameishi na noti ile miaka yote hii na hajasema neno. Hayo ndiyo mapenzi, nadhani.

Mimi nimerithi kwa Baba. Tofauti ni kwamba mimi najua.

Alhamisi, 4 Septemba

Mwalimu Amstutz amewasikiliza waimbaji wapya, mmoja mmoja. Wapya wote ni watoto wa darasa la tisa, na mimi. Akabonyeza kinanda, akasema imba hii. Nikaimba. Akabonyeza tena, taratibu, kama mtu anayempa mtoto kijiko cha pili. Nikaimba tena. Akauliza kama nina mafua.

Trent Lehman alikuwa mlangoni. Ni besi wa kwaya, jirani yetu, tumekua pamoja, kwa hiyo hana adabu kwangu. "Usijali, Renae. Mbuzi wetu naye alianza hivyo hivyo."

Baadaye Mwalimu akaniita pembeni. Yeye ni mtu mwema, mwembamba, ana masikio makubwa ambayo nadhani ni ya kazi. Akasema nisimame mstari wa nyuma na alto. Nifungue mdomo pamoja na wenzangu, nifuate maneno, nitabasamu. Sauti niiache kwanza. Nikifika kila siku na folda yangu, atanipa alama zinazotosha.

Nimeshukuru. Kwenye diploma hii hairuhusiwi alama hata moja chini ya C.

Jumapili, 14 Desemba

Tamasha la Krismasi kanisani limepita salama. Nilifungua mdomo kwa ustadi mkubwa. Trent anasema hajawahi kuona samaki aliyevaa gauni zuri hivyo.

Baba alikuwa mstari wa mbele, amevaa tai ya harusi yake. Tukiwa kwenye pikapu akasema, "Kwaya nzuri. Lakini wewe sikukusikia." Nikamwambia alto hawasikiki peke yao, wanachanganyika. Akafikiri kuanzia kanisani hadi kwenye kinu cha mahindi. "Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe tu," akasema.

Mama akafungua redio.

Ijumaa, 9 Januari 2015

Muhula wa kwanza: kwaya, B. Kwa kunyamaza! Kemia nilijiua kwa kusoma na nikapata B hiyo hiyo.

Theluji hadi magotini. Hakuna shule.

Jumatatu, 16 Machi

NIMEPATA! Chuo kimenikubali, kozi ile ile. Sharti moja tu: nimalize na diploma ya heshima ya juu. Mama alilia. Baba alikwenda bandani kuwaambia nguruwe. Nilimsikia kutoka jikoni akiwaambia kwa wimbo, na nguruwe wakahamia upande wa pili.

Jumanne, 12 Mei

Balaa.

Mtihani wa mwisho wa kwaya si darasani. Ni Siku ya Makaburi, Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu, siku mji mzima unapokwenda kuwapambia maua wafu wao. Makaburi yetu yametawanyika, kila upande wa kaunti una yake, na wafu wote wanastahili kuimbiwa. Kwa hiyo kwaya hugawanywa watu wanne wanne, sauti moja mtu mmoja, na Mwalimu huzunguka na kagari kake akisikiliza na kuandika alama.

Mtu mmoja kwa kila sauti, na mimi nimepangwa mlimani, kwenye makaburi ya ukoo wetu! Miaka yote nimewaona pale na sikuwahi kujiuliza wanasimama wanne kwa nini. Nilikuwa natafuta kivuli.

Trent: "Nitakuazima besi yangu, itoe mdomoni mwako." Nimempiga na folda.

Jumatano, 20 Mei

Mwalimu Amstutz ameniita kabla sijamwita. Ameshafikiria. Makaburi ya mjini yana umati, kwa hiyo pale huwa anaweka kundi kubwa, watu kumi na wawili. Nikipenda nisimame huko nyuma kabisa, nifanye kama tulivyozoea. Ataandika C. "Utakuwa umesimama, Renae. Kusimama nako ni sehemu ya uimbaji," akasema, na masikio yakawa mekundu.

C inatosha. Kwa chuo inatosha. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza kusema.

Njia nzima nilikuwa mwepesi. Halafu nikamkuta Baba anakata nyasi za kule mlimani, nyuma ya kinu, walikolala akina Stuckey wote. Analima soya siku nzima, kisha anakwenda kukata nyasi za makaburi. Amesafisha hadi jiwe la Bibi. "Nataka usimame hapa kivulini," akasema, "usichomwe na jua."

Nilimsaidia kukusanya nyasi.

Jumapili, 24 Mei

Nimemwambia. Sikuweza kumwacha aende mlimani kesho anitafute.

Alikuwa kwenye mashine ya kupandia, anasafisha mirija ya mbegu. Nikasema, Baba, kesho sitaimba mlimani, nimepangwa mjini. Akasema sawa, atakuja mjini. Nikasema usije. Akauliza kwa nini. Hapo yakatoka yote: mdomo wazi, B ya kunyamaza, Mwalimu na kinanda chake, mafua. Nikasema hata mbuzi wa akina Lehman. Nikasema mimi siwezi kuimba, Baba, siwezi kabisa. Nikakaribia kusema nimeyatoa wapi, nikameza.

Akaendelea kufuta mrija. Akasema, "Umeyatoa kwangu."

Nilitamani ardhi inipokee.

"Unadhani sijui?" akasema. "Nina masikio, binti. Nina mke anayefungua redio."

Kumbe alipokuwa na miaka kumi, mwalimu wa kwaya wa wakati huo alimwambia vile vile: fungua mdomo, sauti iache. Akaiacha. Aliimba hivyo kanisani ujana wake wote, akafunga ndoa hivyo. Mpaka nilipozaliwa. Nilikuwa mtoto wa kulia, na Mama alikuwa mgonjwa, na usiku hakukuwa na mtu mwingine wa kunibembeleza. Akaniimbia. Nikanyamaza.

"Wewe ulipenda," akasema. "Basi nikaona mwenye kulalamika alalamike."

Nikamwuliza, na watu wa kanisani? Akasema wamepewa mabenchi mengi, wachague.

Kisha akasema, na hapa hakucheka: "Kama ni chuo, nenda mjini ufungue mdomo tu. Sitakuja. Mimi nataka upate hicho chuo kuliko ninavyotaka kukusikia." Akarudi kwenye mirija yake.

Nampenda sana baba yangu. Naandika hapa kwa sababu mbele yake nilisema tu kwamba mrija wa tatu bado mchafu.

Nilimpigia Mwalimu Amstutz kabla ya chakula. Nikamwomba anirudishe mlimani, kwenye kundi la wanne. Akasema, "Renae, nitakuja na nitasikia. Mjini naweza kuandika kwamba ulisimama. Mlimani sitaweza kuandika nisichokisikia." Nikasema najua. Akasema, na nikisikia nilichokisikia Septemba? Nikasema hilo nalo najua.

Mama aliyasikia yote kutoka jikoni. Hakuniambia nina wazimu. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanipa noti ya kwanza ya alto, akaishikilia, na kuishikilia, mpaka nikaifikia. Au tuseme niliipita mara mbili, mimi na noti tukapungiana mikono. Pai iliyokuwa ovenini ikaungua.

Jumatatu, 25 Mei

Naandika nikiwa kwenye pikapu, daftari likiwa magotini.

Baba hakupanda soya leo. Udongo mkavu, jua zuri, majirani wote wako mashambani wakisubiri tu saa ya ibada, na mashine yetu imelala. Alivaa tai ile ya harusi. Nilipomwambia asubuhi kwamba nakwenda mlimani alisema "Haya," akatafuta viatu vyake muda mrefu, na vilikuwa miguuni.

Watu kama arobaini. Maua, bendera ndogo, viti vya kukunja vya wazee. Sisi wanne chini ya msonobari: Trent besi, kijana mmoja wa darasa la kumi tenori, mimi alto, na Brooke wa darasa la tisa soprano. Trent akaninong'oneza, "Ukipotea, nikanyage." Hakukuwa na dhihaka safari hii, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwalimu Amstutz alisimama kando ya jiwe la Bibi na faili mkononi.

Ubeti wa kwanza nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Naapa sikukusudia. Mdomo umezoea. Maneno yanapita, tabasamu lipo, samaki kamili. Mwalimu alitazama chini. Nadhani alikuwa ananihurumia, au anaisubiri sauti.

Nikamwona Baba. Popote watu wanapoimba, Baba huimba, awe amealikwa au la. Leo ameshika kofia kifuani, midomo ameibana kabisa. Watu waliokuwa mbele yake waligeuka kuangalia kama anaumwa. Alikuwa anasikiliza.

Ubeti wa pili nikaimba.

Sitajidanganya. Noti ya kwanza ilikuwa ile ya Mama, nina hakika, hata Trent aligeuza macho. Ya pili sijui ilikuwa ya nani. Nilipanda walipopanda, nikachelewa kushuka. Brooke maskini alikuwa na sauti yake nzuri, nikaivuta ikaja kwangu, tukapotea wote wawili mistari miwili mizima kabla hajajinasua. Nilimkanyaga Trent mara nyingi sana. Mzee Liechty alipeleka kidole sikioni kuzima kifaa chake, akasita, akakiacha. Lakini sikunyamaza. Ubeti wa tatu niliimba kwa nguvu zaidi, Mungu awarehemu wafu wetu, na kuna mahali, karibu na mwisho, sauti zote nne zilikaa pamoja na moja ilikuwa yangu. Niliisikia mfupani. Halafu ikaondoka.

Hakuna aliyepiga makofi, makaburini watu hawapigi makofi. Mama alikuwa anajifuta macho na kucheka kwa pamoja. Mwalimu Amstutz aliandika kitu. Kifupi. Kwa umbali ule C na D zinaandikwa kwa mkono ule ule.

Nilikimbilia garini kama mwizi. Baba akanifuata, akaketi kwenye usukani, hakuwasha. Uso wake mwekundu na anavuta kamasi, anasingizia nyasi.

Sasa Mwalimu anakuja. Amekaacha kagari kake, anapita katikati ya mawe, faili kwapani. Siwezi kusoma uso wake. Nimemwomba Baba tuondoke. Hanisikii.

Ameshusha kioo, ametoa kichwa chote nje, na Mwalimu angali mbali anamwuliza kwa sauti ya kusikika mlima mzima kama amenisikia mimi, binti yake.